Mfalme wa Kusadikika hakuwa na banang'oma

Karama hakuua mtu, hakuiba, wala hakumtukana mfalme. Kilichomfikisha mbele ya baraza la Kusadikika ni kutaka watu wafundishwe sheria. Aliyemshtaki alikuwa waziri, Majivuno, na mashtaka yake ukiyavua mapambo yanabaki na neno moja: watu wakiijua sheria, nchi itavurugika. Wengi wetu tuliisoma hadithi hiyo ya Shaaban Robert, Kusadikika, shuleni. Tuliagizwa tutaje wahusika na maudhui, tukajibu mtihani, tukasahau. Mimi nimeirudia mwaka huu kwa sababu ya karatasi moja niliyoonyeshwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema.

Karatasi hiyo nitaifikia. Tuanze na nchi yenyewe.

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Hukanyagi udongo wake, huioni katika ramani, lakini serikali yake tunaitambua mara moja: ina mfalme, mawaziri, baraza na gereza. Ina pia kitu ambacho wasomaji wengi hukipita haraka, nacho ni hamu ya kujifunza. Serikali ile haikuwa imelala. Ilituma wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, wakaenda pande nne za dunia, juu mbinguni na chini ardhini, kutafuta mambo ambayo yangeifaa nchi yao. Wakateseka njiani, wakarudi na mema waliyoyaona. Kila aliyerudi alitiwa gerezani.

Hapo nilisimama, nikafunga kitabu kwa muda. Serikali inatuma mtu akaulize, kisha inamfunga kwa sababu amejibu. Serikali ya wajinga haitumi wajumbe, maana mjinga haulizi. Kwa hiyo ugonjwa wa Kusadikika hauko kwenye akili za watawala. Nadhani uko hapa: kila mjumbe alirudi na jambo jema, na kila jambo jema lilikuwa na maana kwamba kuna mtu mle barazani aliyekuwa akikosea siku zote. Na huyo aliyekuwa akikosea ndiye aliyepewa kazi ya kupima jibu. Mjumbe hakuwa na kiti chake mwenyewe mle ndani. Usalama wake ulitegemea furaha ya yule aliyempelekea habari.

Mfalme naye, ukimtazama vizuri, si nduli. Kwa sehemu kubwa ya hadithi ni mtu wa kusikiliza, na anachokisikia kinatoka katika kinywa kimoja. Majivuno ndiye mshtaki, ndiye mshauri, ndiye mfasiri wa sheria, na kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua sheria hiyo, tafsiri yake haina mpinzani. Hii ndiyo sababu Karama anamtisha kuliko wote. Mjumbe analeta jambo moja, unaweza kulifungia pamoja naye. Anayefundisha sheria anatengeneza watu ishirini, mia, wa kuuliza: imeandikwa wapi?

Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Kitabu kilitoka mwaka 1951. Karani anajua kitu ambacho gavana hakijui: jinsi karatasi inavyotembea kutoka meza hadi meza, nani huisoma na nani huitia saini tu. Siamini kwamba ni bahati tu kuwa mtu aliyeshinda miaka ofisini kwa wakoloni ndiye aliyeandika hadithi ambayo silaha yake kubwa ni maarifa ya sheria. Aliona kwa karibu wapi mtu wa kawaida huangukia.

Sasa karatasi.

Nilikuwa nimevuka asubuhi. Ufukweni dagaa walikuwa wameanikwa, akina mama wakiwageuza kwa fagio, na harufu ile ambayo sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria hatuisikii tena hadi tusafiri kwenda Dodoma na kurudi. Mzee mmoja mvuvi, niliyefahamiana naye kupitia ndugu zangu wa hapo, alinikaribisha kwenye kigoda nje ya kibanda chake. "Mwangaluka, ng'wanone," akanisalimu. Tulizungumza habari za maji, bei ya sangara, mafuta ya injini. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kadi ya mpiga kura, leseni ya mtumbwi, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Miezi kadhaa nyuma watu wa doria walimkamata na nyavu zake. Walimwambia ni haramu. Hakuna aliyepima macho ya nyavu hizo mbele yake. Nyavu zilichomwa pale pale mchangani. Kisha wakamwambia, mzee, tumalizane hapa hapa, usisumbuke kwenda mjini. Akalipa fedha alizokopa kwa tajiri wake, akapewa karatasi aweke dole gumba, akabakiziwa nakala. Ilikuwa ya Kiingereza. Aliihifadhi vizuri kabisa, haina doa, kwa sababu alidhani ni risiti.

Haikuwa risiti. Yalikuwa maelezo ya kukiri kosa.

Kwa lugha ya sheria yetu utaratibu huo huitwa kufifilisha kosa. Mtuhumiwa anakiri kwa maandishi, analipa kiasi alichotozwa, na shauri haliendi mahakamani. Ni utaratibu halali, na kwa mtu mwenye kosa kweli unaweza kuwa na nafuu, maana humwepusha na safari za kwenda na kurudi kortini na labda kifungo. Lakini umesimama juu ya nguzo moja tu: kwamba anayekiri anajua anakiri. Ukiiondoa nguzo hiyo, kinachobaki ni mtu aliyejitia hatiani kwa dole lake akidhani anapokea stakabadhi.

Nilimsomea mzee ile karatasi, sentensi kwa sentensi, nikimfasiria. Hakusema kitu. Aliikunja mara nne kama ilivyokuwa, akairudisha kwenye mfuko, akafunga fundo.

Wengine watasema tatizo hapo ni askari wabaya. Sikubali kwamba maelezo hayo yanatosha. Hata wangekuwa wema, mzee yule alisimama mbele yao kama wale wajumbe walivyosimama mbele ya Majivuno: upande mmoja unajua maneno yaliyoandikwa, upande mwingine unajua tu kwamba unaogopa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inasema haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Maneno hayo yako hata leo. Yalikuwepo pia siku ile pale mchangani, lakini hakukuwa na mtu wa kuyatamka.

Sisi wa Usukuma tulikuwa na dawa ya jambo hili kabla ya kitabu, kabla ya karani, kabla ya Katiba.

Ukitoka Mwanza mjini ukashika barabara ya Musoma hadi Kisesa, unafika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Kuna banda pale limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi. Wageni hupiga picha kiti. Mimi nawashauri watazame ngoma. Maana aliyemweka mtemi madarakani aliitwa kwa jina la ngoma: banang'oma, wana wa ngoma. Wao ndio waliomchagua mtemi, wao ndio waliomshauri, na wao ndio walioweza kumwondoa. Mvua ikikatika miaka mfululizo, njaa ikiingia, au mtemi akigeuka mkatili, banang'oma walikuwa na haki ya kumvua utemi na kumtafuta mwingine.

Tafakari tofauti iliyopo kati ya mwana wa ngoma na mjumbe wa Kusadikika. Wote wawili kazi yao ni kumpelekea mtawala ukweli ambao haupendi. Mjumbe anaingia barazani kama mtumishi aliyetumwa. Mwana wa ngoma anaingia kama mtu aliyekuwepo kabla ya mtawala, na atakayekuwepo baada yake. Mtemi hawezi kumfunga mtu aliyemkalisha kitini bila kukitikisa kiti chenyewe.

Na walifanya jambo jingine la busara kubwa. Zamani, katika himaya nyingi za Usukuma, mrithi wa mtemi hakuwa mwanawe. Alitafutwa upande wa dada zake. Faida yake ni hii: mtemi hakuweza kumlea mwanawe kwenye mapaja ya utawala, akimzungushia marafiki na mali hadi siku ya kufa kwake uchaguzi uwe umekwisha. Banang'oma walibaki na uamuzi mkononi. Baadaye, wakati wa ukoloni, mambo yalibadilika na wana wakaanza kurithi baba zao, na nadhani hatujawahi kukaa chini kuhesabu tulichokipoteza katika badiliko hilo moja.

Sitaki nieleweke kwamba natamani utemi urudi. Banang'oma walikuwa watu wa koo kubwa, hawakuchaguliwa na wakulima. Wanawake hawakuwa na sauti katika baraza lao, ijapokuwa urithi wenyewe ulipita kwao. Watu walilima mashamba ya mtemi bila malipo, na ole wake mnyonge aliyekosa mjomba karibu na ikulu. Ninachokitaka kutoka kwao ni kitu kimoja tu, nacho ni ile nafasi ya mtu kukaa karibu na mamlaka bila kuyaogopa mamlaka.

Nafasi hiyo ilibomolewa kwa kalamu. Gavana Donald Cameron alipokuja na utawala usio wa moja kwa moja, na sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 ikatoka, watemi hawakuondolewa. Walipewa mshahara, mahakama na karani wa kodi. Kwa macho walionekana wamekuwa wakubwa zaidi. Lakini mtemi ambaye zamani alitazama chini, kwa watu wa ngoma, sasa alitazama juu, kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Mvua ikikatika, banang'oma hawakuwa na la kufanya. Kodi isipokusanywa, DC alikuwa nalo. Mtu humsikiliza yule anayeweza kumfukuza.

Ng'ambo ya ziwa hata Kabaka wa Buganda, mwenye Lukiiko yake, yaani baraza, na Katikkiro wake, yaani waziri mkuu, na karne za heshima, aliionja kalamu hiyo. Mwaka 1953 Gavana Andrew Cohen alimpandisha Mutesa wa Pili ndege kwenda Uingereza, na hakurudi kitini hadi mwaka 1955, baada ya Waganda kumdai bila kuchoka.

Huku kwetu walichopandishiwa watu ni masharti. Katika miaka ya mwisho ya 1940 ukaundwa umoja wa watemi wa Usukuma, makao yake Malya, na kupitia watemi hao zikateremka amri za kulima hivi, kupunguza ng'ombe, kulipia mifugo. Amri nyingine huenda zilikuwa na maana kwa afya ya ardhi. Lakini mkulima alimwona mtemi wake akisoma maneno ya mtu mwingine. Mwaka 1954 TANU ikapigwa marufuku Usukuma, na mwaka 1958 watu wa Geita, walipoletewa baraza la mseto wa rangi ambalo hawakulitaka, walikataa, na maelfu wakaja hadi Mwanza mjini kudai wasikilizwe. Nimekaa na wazee waliosimuliwa na baba zao habari za siku zile. Jambo wanalolirudia ni kwamba waliumizwa kuona baraza likiundwa kwa jina lao bila wao kuulizwa. Serikali ya kikoloni ililegeza kamba mwaka huo huo.

Kwa hiyo mwaka 1963 utemi ulipofutwa kisheria, kilichofutwa kilikuwa gamba. Kiini, ile haki ya banang'oma, kilikuwa kimekwisha kuondoka zamani. Ndiyo maana nchi haikulia sana. Ikulu ya Bukindo kule Ukerewe ilibaki jengo, watemi wengine wakawa watumishi wa serikali mpya, na kazi ikaendelea.

Swali langu ni kuhusu kilichowekwa mahali pa banang'oma.

Kitaifa tumejaribu wajumbe. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi nzima kuuliza watu. Ikapendekeza vyama vingi, navyo vikaja mwaka 1992. Ikataja pia sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zinakandamiza, na baadhi yake zilibaki vitabuni kwa miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 2012 ikaundwa tume nyingine, ya mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba. Ilifika hadi vijijini. Rasimu yake ya pili ikakabidhiwa mwishoni mwa 2013, Bunge Maalumu likakaa mwaka 2014 na kupitisha Katiba Inayopendekezwa ambayo iliacha mambo makubwa ya rasimu ile, ikiwemo muundo wa Muungano wa serikali tatu. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Hatukumfunga Jaji Nyalali wala Jaji Warioba, na hilo ni jambo la kushukuru kwa moyo wote. Tumeivuka Kusadikika kwa hatua hiyo. Lakini namkumbuka mama mmoja muuza mihogo aliyeniambia kwamba alipanga foleni jua likiwaka ili atoe maoni yake kwa tume. Alisema jambo kuhusu ardhi ya mjane. Alitamka jina lake, likaandikwa. Hadi leo hajajua maneno yake yalikwenda wapi. Mjumbe yuko huru. Alichotumwa kukileta ndicho kilichofungiwa, na mwenye nacho ni yule mama.

Tume huja na kuondoka, ndiyo tabia yake. Banang'oma hawakuwa tume. Walikaa. Kwa hiyo ukitaka kuwatafuta katika Tanzania ya leo usiwatafute Dodoma, watafute kijijini, kwenye chombo ambacho wengi hukidharau kwa sababu hukutana chini ya mwembe: mkutano mkuu wa kijiji.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya ya mwaka 1982 inaufanya mkutano huo kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mjane ni mjumbe, kijana wa bodaboda ni mjumbe, mzee yule mvuvi ni mjumbe, na hakuna aliyemteua. Unapaswa kukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Ndio unaowachagua halmashauri ya kijiji, na ndio unaoweza kuwaondoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakwenda mbele zaidi: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu ukubali. Soma tena sifa hizo. Kuchagua, kuondoa, kukataa. Ngoma imerudi, na safari hii iko mikononi mwa kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke.

Halafu nenda vijijini uone. Robo mwaka inapita bila mkutano. Ukiitishwa, unaitishwa siku ya gulio au wakati dagaa wametoka. Mwenyekiti anaongoza maneno, mtendaji anasoma taarifa haraka haraka, watu wanapiga makofi, mahudhurio yanasainiwa, wengine wanasaini baada ya siku mbili nyumbani. Kisha muhtasari wa mkutano huo unakuwa hati halali ya kugawa eka kadhaa za malisho. Mwaloni nako kuna BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, chenye kamati iliyochaguliwa na wavuvi wenyewe, na mara nyingi mvuvi wa kawaida huiona kamati hiyo kama tawi la doria, na yeye mwenyewe akiwa amesahau kwamba ana kura humo.

Majivuno hahitajiki tena hapo. Hakuna anayekataza watu kufundishwa sheria. Ujinga unajitosheleza wenyewe, unafanya kazi ya waziri bila mshahara.

Kwa miaka karibu sitini tangu Uhuru tulikuwa tumeusaidia ujinga huo kwa jambo moja tulilolizoea mno hata hatukuliona: sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Magu alihukumiwa kwa maneno ambayo hata mtoto wake wa darasa la saba asingeweza kumsomea. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha hilo, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyofurahia chaguzi kadhaa. Kazi ya kutafsiri ni kubwa, na fomu nyingi za ofisini bado zinasubiri, kama fomu ya yule mzee ilivyosubiri. Lakini mlango umefunguliwa kwa nguvu ya sheria, na hakuna mtu anayehitaji huruma ya mkubwa ili aupite.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwisho wa hadithi ya Kusadikika, kwa heshima zote. Karama anajitetea kwa ufasaha wa ajabu, akisimulia habari za mjumbe mmoja baada ya mwingine, na mfalme moyo unamgeuka. Anamwachia huru, na wajumbe wanatolewa gerezani. Nilipokuwa kijana nililia kwa furaha. Sasa najiuliza kuhusu asubuhi ya pili yake. Karama aliokolewa na moyo wa mfalme, na moyo ni wa mtu mmoja. Mfalme mwingine akirithi, au Majivuno mwingine akipata sikio lake, gereza liko pale pale. Katika mwaka 1951 chini ya Mwingereza huenda hakuna mwisho mwingine ambao mwandishi angeweza kuuandika. Sisi tunaosoma leo tunaweza kuuongezea: shule ya Karama ifunguliwe.

Na imefunguliwa, kimyakimya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya kuwaelekeza wenzao kuhusu haki zao na taratibu za kuzidai. Si mawakili. Hawavai majoho. Wengi wao ni walimu wastaafu, akina mama wa vikundi, vijana waliomaliza kidato cha nne. Kazi yao wanaifanya kwa nauli ndogo na mara nyingine bila hiyo nauli. Kwa maoni yangu hakuna kazi ya umma yenye thamani zaidi kando ya ziwa hili kwa sasa. Kila kijiji na kila mwalo ungepaswa kuwa nao walau wawili, wanaolipwa na mfuko wa halmashauri, na wenye kiti cha kudumu katika mkutano mkuu, kiti ambacho mwenyekiti wala mtendaji hana uwezo wa kukiondoa. Hicho ndicho kiti ambacho Buruhani na wenzake hawakuwa nacho.

Nilivuka tena mwezi uliofuata, siku ya mkutano mkuu. Waliitisha saa nne, wakaanza saa saba. Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa, watu wawili wakauliza kuhusu fedha za ushuru wa mwalo, mtendaji akajibu swali moja. Msaidizi wa kisheria wa pale ni dada mdogo, mshonaji, alikaa mbele na daftari lake. Ilipofika mengineyo, mzee aliinua mkono. Alifungua fundo la mfuko wake taratibu, akatoa ile karatasi, akamkabidhi binti. "Wasomee," akasema. "Kwa Kiswahili."

Binti alisimama akaisoma, neno kwa neno, hadi mahali pa dole gumba. Watu walinyamaza. Nyuma kabisa, kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, wanaume wawili waliinuka bila kuaga wakaelekea majumbani kwao. Mwenyekiti alidhani wanaondoka, akawa anataka kufunga mkutano. Binti akamwomba asubiri kidogo. Baada ya dakika kumi hivi walirudi, mmoja na mfuko wa nailoni, mwingine na kopo la maziwa ya unga, na kila mmoja alikuwa na karatasi yake.